Shangazi Alivyosafiri Ndani ya Beseni hadi Oloipiri

Wanajumuiya wenzangu, tangu nirudi siwezi kutoka kanisani bila mtu kunivuta pembeni. "Nesi, ni kweli basi zima liliombea injini?" Wengine mmesikia nilikamatwa getini, wengine mmesikia nimegeuka daktari wa ng'ombe. Nimeamua kuandika yote mara moja, mpokezane karatasi hizi, ili Jumapili ijayo niweze kwenda nyumbani kunywa chai yangu ikiwa bado ya moto.

Kansay

Kwa walioolewa huku juzi, nianze na Shangazi mwenyewe. Shangazi ni pikipiki. Ni mashine ya Kijapani ya miaka ya sabini, silinda moja, ile ya kuchanganya oili na petroli kwenye tangi moja. Nilikabidhiwa nikiwa nesi kijana wa zahanati, ikiwa imeshachosha watu wawili kabla yangu. Niliiendesha miaka yote ya kazi kwenda kuzalisha kina mama, na siku ya kustaafu nikaagwa nayo. Tuliiita Shangazi kwa sababu ilikuwa na kelele, ilifika kwa watu bila taarifa, na ikinuna hakuna wa kuibembeleza.

Miaka kadhaa iliyopita, nikipanda kilima cha kwetu, ilikwaruza kwa ndani kama sufuria inayoburutwa sakafuni, na gurudumu la nyuma likajifunga. Tangu hapo ikalala bandani, kuku wakitaga juu ya kiti. Mume wangu, Mzee Gwandu, hakusema neno mpaka alipokwenda mnadani akarudi amenunua nguruwe wawili wa kuletewa.

"Theresia, nguruwe wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Banda ni lile lile moja. Yule mtu wa chuma chakavu anapita Ijumaa na mizani yake."

"Shangazi auzwe kwa kilo?"

"Basi awake. Akiwaka, nguruwe nitawatafutia pengine."

Alisema huku anacheka, kwa kuwa alijua hatawaka. Mimi sikucheka. Sisemi chuma kina roho. Lakini katika kata hii kuna watu wazima wenye watoto wao ambao nisingewawahi kama mashine ile isingekubali kupanda milima siku za mvua, wakati magari yamekataa. Kumtupa mizanini pamoja na mabati yaliyotoboka, hapana.

Nikamwita Fundi Bura kutoka Karatu. Akaifungua injini uani, juu ya gunia, akanionyesha. Pistoni, kile kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, kilikuwa kimeng'ang'ania ukutani. Ringi zake zimekatika vipande. Silinda yenyewe ina mikwaruzo kama imepitiwa na paka.

"Bibi Nesi," akasema, "saizi hii Arusha haipo. Nimeuliza mpaka wamenicheka. Labda kwa Mzee Lomayani, Wasso, kule ng'ambo ya Serengeti. Alitengeneza hizi zikiwa mpya. Ana silinda nzima ya akiba na pistoni yake."

"Mpigie atume."

"Hapokei simu. Na hata akipokea hatumi. Anataka injini imfikie aishike."

Hivyo ndivyo nilivyojikuta, Jumatatu asubuhi, nikiifunga injini nzima kwa safari. Bura aliiweka kwenye beseni la bluu. Mimi nikaizungushia blanketi na juu yake kitenge. Nilipomaliza Mzee Gwandu akaja kuangalia, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeifunga kama mtoto mchanga, na sehemu ya juu nimeiacha wazi kidogo ili ipate hewa. Mikono yangu haijui kufunga kitu kwa namna nyingine.

Karatu hadi getini

Ugomvi wa kwanza ulikuwa na konda, kijana mwenye miwani ya jua kichwani na nyingine machoni.

"Mama, mzigo huo kwenye keria."

"Huyu haendi juu."

"Huyu nani?"

"Injini."

Akajaribu kuinua beseni kwa mkono mmoja, kwa madoido, mbele ya wasichana. Beseni halikutingishika. Akajaribu kwa mikono miwili, akatoa mlio ambao nimezoea kuusikia kwa wanawake tu. "Kaa nalo, mama," akasema, akajishika kiuno hadi Lodoare, kwenye geti la kuingilia Ngorongoro.

Getini kulikuwa na ukungu wa kukata kwa kisu. Abiria wengi walikuwa bado wanasinzia. Askari aliingia kuangalia mizigo, akafika kwangu, akafunua kitenge taratibu sana, kwa adabu, kama anayetaka kumwona mtoto.

"Hii ni pampu ya maji," akasema hatimaye.

"Ni injini ya pikipiki."

"Pikipiki gani ina mapezi ya kupoza makubwa hivi?" Akamwita mwenzake. Mwenzake akainama, akasema ni jenereta. Wakabishana kwa heshima lakini bila kulegea, kila mmoja akitaja pampu au jenereta aliyowahi kuiona kwa mjomba wake. Dereva akapiga honi. Wa tatu akaja, mzee kidogo, akaifuta kwa kidole, akainusa, na uso wake ukabadilika.

"Hii ndiyo iliyonivunja mguu nikiwa kijana," akasema kwa upendo. Akatufungulia njia.

Juu ya kreta

Kwenye kijiji kimoja cha juu kule, ukungu ukiwa bado mzito, akapanda mama mmoja wa makamo, shuka la zambarau, shanga mpaka mabegani, mkononi kibuyu cha maziwa. Akaketi karibu yangu. Tukasalimiana. Akasema anaitwa Naishorua, ametoka kumwona binti yake, anarudi kwake upande wa Wasso. Kiswahili chake kizuri, kimenyooka. Kimaasai changu mimi ni kile cha wodini tu: sukuma, usisukume, vuta pumzi. Hakitoshi kwa maongezi ya basi.

Hatujafika mbali, simu yangu ikaita. Ni Bura. Mnajua mimi nikiongea na simu nasikika hadi parokiani, na mtandao wa kule ulinifanya nizidishe.

"Haloo! Shangazi? Tumbo bado liko wazi, Bura, tumefunika kitambaa tu! Ndiyo, vile vilivyovunjika ndani tumevitoa, vyote! Sasa asipomuweza Mzee Lomayani sijui nani mwingine... Gwandu? Gwandu ameshasema! Asipopona kufikia Ijumaa anatolewa nje, chumba chake wanapewa nguruwe! Ndiyo, nguruwe! Haloo?"

Mtandao ukakatika. Nikarudisha simu kwenye mkoba, nikatoa maandazi, nikamkaribisha jirani yangu. Hakuchukua. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepata habari ya msiba.

"Shangazi yako," akasema polepole. "Tumbo?"

"Ndiyo," nikasema. Nilidhani amechekeshwa na jina. "Mzee sasa, ndani kumechakaa."

"Na huyo Gwandu ni nani?"

"Mume wangu."

Naishorua akatoa sauti kwa ulimi ambayo haihitaji tafsiri. Akageuka nyuma akaongea na kina mama wa kiti cha pili, Kimaasai, kwa muda mrefu. Nikasikia neno "nguruwe" likipita kati kwa Kiswahili, kisha likapita tena kiti cha tatu, kisha cha nne. Tulipoanza kushuka kuelekea bonde la Malanja, mzee mmoja wa mwisho kabisa alisimama akaja kunishika bega.

"Pole, dada. Wanaume wengine ni wanyama."

Nikamshukuru, bila kujua ni kwa lipi.

Pancha

Mbele ya Olduvai joto likaanza, vumbi likaingia hadi kwenye meno, na tulipokuwa ndani kabisa ya Serengeti tairi la nyuma likapasuka. Dereva alipanda juu ya keria, akazungusha macho nyikani, akatangaza kwamba simba hayupo. Mama mmoja akamuuliza amejuaje. Akasema angekuwepo angemwona. Kwa uhakika huo tukashuka, wanawake upande wa kushoto wa basi na wanaume wa kulia, na hakuna aliyekwenda mbali zaidi ya urefu wa kivuli chake. Pundamilia walisimama wakitutazama mpaka nikaona aibu.

Jeki ilikuwa mbovu. Tulikaa pale kama saa mbili. Ndipo vyakula vikaanza kuletwa kwangu. Mama wa kiti cha pili alinipa mayai mawili ya kuchemsha. Mwingine akanipa loshoro kwenye kikombe, ule uji mzito wa mahindi na maziwa ya mgando, tena baridi, mtamu. Mzee wa nyuma alinipa sukari ya robo, imefungwa vizuri. Nikafikiri: watu wa njia hii wana ukarimu wa ajabu. Mayai niliyala. Loshoro niliilamba mpaka chini. Nisidanganye.

Kisha akaja mwinjilisti, bwana mwembamba mwenye koti, Biblia kwapani.

"Mama, tumekubaliana tumwombee shangazi yako kabla tairi halijafungwa. Jina lake la ubatizo?"

Nikafungua mdomo. Nikamtazama Naishorua, nikatazama sukari, nikakumbuka kila neno nililopayuka kwenye simu. Ikanishukia yote kwa mpigo, kama ndoo ya maji.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Ningesema, tungecheka, yangeisha. Lakini yai la pili lilikuwa bado shavuni. Nikameza, na badala ya kueleza nikasikia sauti yangu inasema:

"Hajabatizwa."

Jamani, bora ningesema amekufa. Kina mama walishika vifua. Mwinjilisti akavua kofia. Watu wakasogea, hata wale waliokuwa wanahangaika na jeki, na ikaanza sala ambayo sijawahi kuisikia hata wakati wa ukame. Walimwombea Shangazi afunguke moyo. Walimwombea mganga Lomayani mikono myepesi. Walimwombea Gwandu, wakimwita mbuzi na mbwa mwitu, ageuke. Mimi nimeinamisha kichwa, mkono wangu umegusa beseni kupitia mlango wa basi. Mbele ya wote, jeki ikakaza ikashika, na tairi likainuka. Mwinjilisti akasema ni ishara, na tulipopanda tena Naishorua akanishika mkono, akalia taratibu njia nzima.

Wasso

Tuliingia Wasso jua linaelekea kuzama. Nilipanga kuteremka haraka na kupotea. Mwenye injini kwenye beseni hapotei. Konda aliishusha kwa msaada wa wanaume wawili, na Naishorua akanishika mkono.

"Twende hospitali. Maziwa haya ni ya mgonjwa. Nitamwona kwa macho yangu, kisha nitaongea na huyo mume wako kwa simu."

Akanikabidhi kibuyu, akanivuta. Vijana wawili wakafuata na beseni. Tulipofika kwenye geti la hospitali, mlinzi akatuuliza tunamwona nani, wodi gani. Naishorua akanigeukia. Nimefanya kazi hospitalini maisha yangu yote, na siku hiyo sikujua wodi.

"Yeyo," nikasema. Ndivyo wanavyomwita mama huko. "Shangazi ni huyu hapa."

Nikafunua kitenge.

Akatazama. Mlinzi akatazama. Nikaeleza yote, kutoka kuku hadi nguruwe, bila kupumua. Nilipomaliza Naishorua hakucheka. Uso wake ulikuwa mgumu.

"Mimi nimelia ndani ya lile basi," akasema. "Umeniona nalia."

"Nimekuona."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza. Nisamehe."

Akachukua kibuyu chake kutoka mikononi mwangu, akakifunika, akaondoka. Nilikaa kwenye ukingo wa mtaro, karibu na beseni langu, na nawaambia ukweli, katika safari nzima hapo ndipo nilipotamani kurudi nyumbani na Shangazi auzwe hata kwa nusu kilo. Ni jambo moja kuwa na haya mbele ya Mungu. Ni jingine kuwa nayo mbele ya mtu aliyekushikia mkono kutwa nzima.

Alirudi. Alikuwa amefika barabarani, akageuka.

"Huyo Lomayani, nani kakwambia yuko Wasso? Alihama. Yuko kwetu Oloipiri, na ng'ombe zake. Kesho asubuhi kuna pikapu ya unga." Akanyoosha kidole. "Lakini kwenye pikapu utawaeleza watu wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Yote. Hata mayai."

Nililala kwa dada yake, na beseni mlangoni.

Oloipiri

Niliwaeleza. Nilikaa juu ya magunia ya unga na kuungama mbele ya watu tisa, Naishorua akitafsiri na, nadhani, akiongeza. Nilipofika kwenye "hajabatizwa" dereva alilazimika kusimamisha gari, maana alikuwa anacheka na usukani unacheka naye. Naishorua mwenyewe alijizuia hadi nilipotaja uso wa mlinzi. Hapo akashindwa. Alicheka mpaka shanga zikawa zinagongana, na tangu hapo tukawa marafiki.

Mzee Lomayani tulimkuta bomani kwake, mrefu, kofia ya sufi kichwani, miwani imefungwa kwa mpira wa tairi. Nikajitambulisha, nikamfunulia injini. Mikono yake ilikwenda yenyewe, ikapapasa yale mapezi ya pembeni. Kisha akaiondoa.

"Sitashika chuma leo."

"Mzee, nimetoka Kansay. Ijumaa..."

"Mtamba wangu anazaa tangu alfajiri na hazai. Bwana mifugo yuko mbali. Ni uzao wake wa kwanza." Akamtazama mkewe, mkewe akatazama chini. "Yule ndiye niliyebakiwa naye wa ukoo ule. Wengine walikufa kwenye kiangazi. Nenda ukapumzike, mama. Kesho tutaona."

Naishorua akaniangalia. Nikajua anachofikiri, nikatikisa kichwa.

"Mimi nilizalisha watu."

"Na yule kule anazaa nini, magunia?"

Sasa, wenzangu, mmesikia mengi juu ya hapo, lakini hivi ndivyo ilivyokuwa. Mtamba alikuwa amelala ubavu, macho yamemtoka. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa nje, pua imeanza kuonekana, na mguu wa pili haupo. Nikaomba maji ya moto, sabuni na mafuta ya kula. Nikavua saa, nikanawa hadi begani, nikapiga magoti kwenye samadi. Nilipoingiza mkono nilishangaa. Ni kule kule. Ni kukubwa zaidi na kuna nguvu za kukuvunja mkono, lakini ni kule kule. Mguu wa pili ulikuwa umekunjika nyuma, goti limekwama kwenye nyonga. Mtu akivuta hivyo, anawaua wote wawili.

Ikabidi kwanza nimrudishe ndama ndani. Lomayani alifikiri nimerukwa na akili.

"Unamsukuma arudi?"

"Nyamaza, mzee, shika mkia."

Uchungu ulipokuja nilimwambia mtamba asisukume, kwa Kimaasai cha wodini. Watu waliolizunguka boma wakaangua kicheko, na wallahi yule mnyama akatulia. Ulipopita nikapata kwato, nikaifunika kwa kiganja isimchane, nikaizungusha, ikanyooka. Miguu miwili sasa, nikaifunga kamba. Nikamwambia sukuma. Mimi, Naishorua na mke wa mzee tukavuta kamba kila aliposukuma, hatukuvuta zaidi yake. Mara ya tatu ndama akatoka kwa mpigo, akaniangukia mapajani, hapumui.

Nikamsafisha pua, nikamtekenya kwa jani la nyasi, nikamsugua kwa kitenge cha Shangazi. Mke wa mzee alikuwa anaomba kwa sauti ya chini. Nikasugua. Nikaona dakika zinakwenda. Kisha akapiga chafya, akanirushia yote usoni.

Lomayani alikuwa bado ameshika mkia. Hakuna aliyemwambia auachie.

Kesho yake asubuhi aliingia kazini kabla hajanywa chai. Alileta sanduku la mbao, akafunua matambara, na humo kulikuwa na silinda iliyotiwa grisi, inang'aa, na pistoni yake ndani. Ilitoka kwenye pikipiki pacha ya Shangazi ambayo nyati aliikalia. Akasema mwenye pikipiki alipona kwa sababu nyati aliichukia zaidi pikipiki. Alisugua kuta za silinda kwa msasa laini na mafuta ya taa, taratibu, kama anayemwogesha mzee. Akaosha krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, akaizungusha huku amefumba macho, akisikiliza. Akasema bado nzima.

Gasketi ya chini, ile ya kuziba silinda inapokalia injini, haikuwepo. Mzee alihitaji karatasi ngumu, isiyo nyembamba wala nene. Tukajaribu boksi la sabuni, likawa nene. Tukajaribu kalenda, ikawa nyembamba. Mwishowe akaangalia daftari langu la zamani la wazazi, lenye majina ya kina mama niliowazalisha, ninalotembea nalo mkobani kwa mazoea, lenye jalada la manila. Nilisita. Kisha nikamkatia jalada mwenyewe.

Pini ya pistoni inazuiwa na vipini viwili vidogo vya waya, vya kujibana. Cha kwanza kiliingia. Cha pili kikaruka "ting!" na kutoweka. Watu wazima watano tulipiga magoti kwenye samadi na kuipekua kwa vijiti. Tuliwachunguza mbuzi midomo. Jirani mmoja alisema amemwona kuku akimeza kitu, na hukumu ya kuku ilikuwa inaelekea kupitishwa wakati Lomayani alipovua kofia ili ajikune. Kipini kilikuwa kimening'inia kwenye sufi, juu ya sikio.

Mchana injini ilikuwa imefungwa. Haiwezi kuwaka bila tangi wala kabureta, lakini mzee akaniita.

"Nesi, weka kidole gumba hapa." Palikuwa ni pale tundu la plagi. "Bana sawasawa."

Akakanyaga kiki. Upepo ukanisukuma kidole kwa nguvu, ukakitupa pembeni, *pwa!* Nikaweka tena, akakanyaga, *pwa!* Nimeshika matumbo mengi ya watu maishani mwangu, nikisubiri kitu cha ndani kinisukume hivyo. Macho yalinijaa. Nikasingizia mafuta ya taa.

Hakutaka malipo. Aliniambia ndama ni jike, na kwamba amepewa jina. Nikauliza jina gani. Watu wote wakatazama pembeni, na Naishorua akaziba mdomo. Mnaweza kukisia.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa nyepesi hadi juu ya kreta, ambako lori lilikuwa limelala kwenye kona na magari yote yamesimama. Watalii walishuka kupiga picha. Mmoja aliona beseni langu dirishani, akamuuliza mwongozaji wake ni kitu gani. Yule kijana, bila kupepesa macho, akamweleza kwa Kiingereza kwamba ni jiko la asili la kupikia nyama.

Nikamwinamia dirishani na Kiingereza changu cha chuo cha uuguzi, nikamwambia mgeni kwamba ni injini ya mipigo miwili, imetoka kubadilishwa silinda na pistoni, na kwamba nyama ikipikwa humo haitaiva vizuri. Mgeni akanishika mkono kwa furaha. Kumbe kwao ana mbili kama hiyo. Tukaongea ringi mpaka lori lilipovutwa. Mwongozaji alikuwa anaangalia viatu vyake.

Nyumbani

Nilifika Kansay Alhamisi, na Bura nyuma yangu na mfuko wa spana. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Banda lilikuwa limefagiwa. Kuku wamehamishwa. Nyuma ya choo kulikuwa na zizi jipya la mabanzi, misumari imepindapinda, kazi ya mtu asiyejua useremala.

"Hilo nini?" nikamuuliza Mzee Gwandu.

"La nguruwe. Bandani kuna baridi kwao."

"Na kama Shangazi asingewaka?"

"Wewe unaongea sana," akasema, akaenda kuchota maji.

Ijumaa asubuhi Bura alimaliza kuifunga. Kiki ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tano ikakohoa, ya sita ikanguruma, moshi wa bluu ukajaa ua, mbwa wa jirani wakaingia chini ya vitanda. Mtu wa chuma chakavu alifika na mizani yake wakati huo huo, akasimama, akasikiliza, akageuza baiskeli bila kuaga.

Mume wangu alitazama, akaingia ndani. Nikadhani amechukia. Akatoka amevaa koti lake la harusi za watu, kofia ameibana hadi masikioni. Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Katika ndoa yetu yote, Gwandu hakuwahi hata siku moja kupanda nyuma yangu. Aliona wanaume wenzake watasema amebebwa na mke. Alikuwa akitembea kwa miguu hadi mnadani huku mimi nampita.

"Naenda dukani," akasema, anatazama mlima. "Kama unapita huko."

Akapanda. Alinishika kiuno kama anayeshika nguzo ya nyumba wakati wa tetemeko. Tulishuka kilima, tukapita kisima, tukapita duka ambapo wenzake hukaa kucheza bao. Walikuwa wameinamia mchezo wanabishana, hakuna aliyeinua kichwa. Tulikuwa tumeshaufikia mkuyu wa pili nilipohisi kidevu chake begani mwangu.

"Theresia," akasema sikioni, "zunguka tena. Hawajaniona."